Mshukiwa Hakuingia Dukani

Juzi nimesikia tena kwenye taarifa ya habari: "Mshukiwa alivunja mlango, akamchoma kisu mwenye duka, kisha akatoroka na bado hajajulikana." Kama hajajulikana, nani kamshuku? Aliyevunja mlango na kuchoma kisu ni mhalifu.

Maana yenyewe ni fupi. Mshukiwa ni mtu anayedhaniwa ametenda kosa. Watanzania wengi husema mtuhumiwa. Akisomewa mashtaka mahakamani anakuwa mshtakiwa. Akitiwa hatiani, hapo mwite mkosaji.

Lakini litazame neno. Shuku na shaka ni ndugu, wote wa shakk ya Kiarabu. Ile kauli ya kutendwa inasema wazi kuwa mtendaji ni mwingine: kuna anayeshuku, na shaka imo kichwani mwake, haimo mikononi mwa anayeshukiwa. Tuhuma nayo imetoka kwenye tuhma, ambayo shina lake ni moja na la wahm, jambo la kuwazwa tu lisilo na hakika. Hakuna neno lenye damu hapo. (Ajabu ni kwamba shukiwa huweza pia kutokana na shuka, kama mwewe anavyomshukia kifaranga. Sio asili ya mshukiwa wetu, ila polisi wengine hulitumia hivyo.)

Mahmood Mattan alishukiwa kwa maana zote mbili. Alikuwa baharia Msomali aliyehamia Cardiff, Wales, akaoa huko na kupata watoto watatu. Usiku wa Machi 6, 1952, Lily Volpert, mwenye duka katika mtaa wa mabandarini, alikatwa koo dukani mwake mnamo saa mbili. Mattan alisema jioni hiyo alikwenda sinema, kisha akarudi nyumbani. Msichana wa miaka 12 aliyekuwa amemwona mtu mweusi karibu na duka aliwekwa naye uso kwa uso, akasema siye. Shahidi mkuu hapo mwanzo aliwaeleza polisi habari za Msomali mwenye jino la dhahabu. Mattan hakuwa na jino la dhahabu. Hayo wazee wa baraza hawakuambiwa. Walichosikia, tena kutoka kwa wakili wake mwenyewe wa utetezi, ni kwamba mtu huyu ni nusu mshenzi. Akanyongwa Septemba 3 mwaka huohuo.

Mahakama ya Rufani iliifuta hukumu mwaka 1998, na polisi wa South Wales wakaomba radhi mwaka 2022. Mkewe, Laura, alikuwa amekwisha kufariki.

Sasa rudia ile sentensi ya mtangazaji, uiweke Cardiff: "Mshukiwa aliingia dukani saa mbili usiku." Tayari umemtoa Mattan nyumbani ukamwingiza dukani, na kesi haijafunguliwa. Kitenzi kimefanya kazi ya jaji.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa vyumba vya habari, aliyefanya tendo na hamumjui mwiteni mtu asiyejulikana, au muuaji kama kuna maiti. Aliyekamatwa ndiye mshukiwa, na vitenzi vyake ni vichache: alikamatwa, alihojiwa, alikana.