Gamba la kobe sio nguo, ni mifupa yake

Wiki iliyopita nimepigiwa simu na mama mmoja wa Njiro, watoto wake wameokota kobe kule Makuyuni wakati wanarudi Arusha, wakamleta nyumbani, na baba yao akamtoboa gamba pembeni kwa drili ili wamfunge kamba asipotee. Hii kitu nimekutana nayo mara nyingi toka nianze kutibu wanyama, na kila mara mtu anakwambia kwa moyo safi kabisa "dokta, si ni gamba tu, haliumi".

Linauma jamani. Gamba la kobe ni mfupa, mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo vikawa kitu kimoja, kwa hiyo zile katuni kobe anavua gamba anatembea uchi ni uongo mtupu, ukilitoa umemuua. Vile vipande vya juu vinavyofanana na vigae ndo vimetengenezwa kwa kitu kile kile cha kucha zetu, lakini chini yake kuna damu na mishipa ya fahamu, hata ukimsugua kidogo mgongoni anasikia. Na kidonda cha gamba kinapona taratibu mno, unaweza kuhesabu miezi.

Yule wa Njiro alikuwa kobe wa madoa meusi na manjano, yule mnayemwita kobe chui, gamba limeinuka kama kuba. Ndo mkubwa kuliko kobe wote wa huku Tanzania bara, kilo 10 mpaka 15 ni kawaida. Chakula chake ni nyasi na majani ila usishangae ukimkuta anaguguna mfupa mkavu au yale mavi meupe ya fisi, anatafuta kalsiamu ya gamba na ya mayai. Yupo pia kobe mwenye bawaba, huyu gamba lake kwa nyuma linajikunja kushuka chini, anafunga mlango miguu ikiwa ndani, nani atamtoa. Wale kobe majitu wa kisiwa cha Changuu kule Zanzibar sio wa kwetu kwa asili, wametoka Shelisheli.

Lakini ninayempenda mimi ni kobe bapa wa kwenye miamba. Tarangire wapo, na Kenya wapo. Ukimshika mara ya kwanza unaweza kudhani anaumwa, maana ni mwembamba kama chapati, urefu hauzidi sana sentimita 17, na gamba ni jepesi, mifupa yake ina nafasi nafasi hadi ukimminya tumboni panabonyea. Huyu hategemei gamba kumlinda. Akiona hatari anakimbia, tena mbio kweli sio za kwenye hadithi za sungura, anaingia kwenye ufa wa mwamba anajibana kwa miguu na kucha, kumvuta ni kazi. Shida yake anataga yai moja tu kwa wakati, wakati kobe chui anaweza kufukia mayai zaidi ya 10 shimo moja. Sasa wafanyabiashara walivyowabeba kwa wingi kupeleka nje kuwafuga, tena wengine wanavunja na mawe yenyewe ili wawatoe, watarudishaje idadi? Toka 2019 biashara ya kimataifa ya kobe hawa wa porini imepigwa marufuku.

Kingine, kobe ukimnyanyua anakojoa, watu wanacheka wanamtupa. Yale ndo maji yake ya akiba, kibofu chake ni tanki, kiangazi kama cha Longido anaweza kukaa muda mrefu anayategemea hayo hayo, umemwagisha yote kwa ajili ya selfi.

Ukimkuta barabarani na gari zinakuja, mbebe chini chini kwa mikono miwili bila kumgeuza, mvushe upande ule ule aliokuwa anaelekea, muache. Ukimrudisha alikotoka ataingia tena barabarani.