Kutabiri nani atafeli ni kazi moja, kumsaidia ni nyingine

Kila mwaka huchapishwa makala nyingi za kitaalamu zinazodai kwamba kompyuta imeweza kutabiri, kwa usahihi wa asilimia 90 na zaidi, ni wanafunzi gani watafaulu, watafeli au watakatisha masomo. Kazi yangu ni kuchambua takwimu za elimu, kwa hiyo makala hizo nazisoma kwa wingi, na nimejizoeza kuruka kwanza sehemu inayosifu modeli iliyotumika, yaani kanuni ya hesabu inayotoa utabiri, na kwenda moja kwa moja kwenye orodha ya vigezo, yaani taarifa za wanafunzi ambazo modeli ilipewa. Ninachotafuta hapo ni kitu kimoja: modeli hiyo ilikuwa inajua nini, na ilikijua lini.

Mfano mzuri ni takwimu zilizokusanywa na Paulo Cortez na Alice Silva katika shule mbili za sekondari nchini Ureno na kuchapishwa mwaka 2008, ambazo hadi leo hutumiwa sana na watu wanaojifunza uchambuzi wa data. Zina wanafunzi 649 wa somo la Kireno na 395 wa hisabati, na zinaeleza mengi: elimu ya wazazi, muda wa safari ya kwenda shule, saa za kujisomea, unywaji wa pombe, idadi ya siku ambazo mwanafunzi hakuhudhuria, na alama za vipindi vitatu vya mwaka katika kipimo cha 0 hadi 20. Kazi ni kutabiri alama ya kipindi cha tatu. Ukiiachia modeli alama za vipindi viwili vya mwanzo, utabiri unapendeza mno. Ukiziondoa na kubaki na maelezo ya familia na tabia, unaporomoka, jambo ambalo watafiti wenyewe walilisema waziwazi. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya ule usahihi inatokana na kujua kwamba aliyepata 8 na kisha 7 atapata kitu kinachokaribia 7. Mwalimu wa darasa hilo analijua hilo bila kompyuta, na wakati alama ya kipindi cha pili inaingizwa kwenye daftari, nafasi ya kubadilisha mambo imekwisha kuwa finyu. Utabiri wa mapema ndio wenye thamani, nao kwa bahati mbaya ndio ulio dhaifu.

Asilimia yenyewe ya usahihi nayo hudanganya. Tuseme chuo kina wanafunzi 1,000, na 50 kati yao watakatisha masomo. Mtu asiye na modeli yoyote, akitamka tu kwamba wote watabaki, atakuwa sahihi kwa asilimia 95 na hatakuwa amemsaidia hata mmoja. Sasa tuseme tuna modeli nzuri kweli, inayowanasa 40 kati ya wale 50 na kuwatilia shaka isivyostahili asilimia 10 tu ya wale 950. Orodha itakayomfikia mshauri wa wanafunzi itakuwa na majina 135, na 95 kati ya majina hayo ni ya watu ambao wangemaliza masomo yao hata kama hakuna aliyewagusa. Je, hilo ni kosa kubwa? Inategemea orodha itatumiwaje. Ikiwa kila aliyetajwa atapigiwa simu na kuulizwa kama ana shida, hakuna aliyedhurika. Ikiwa atahamishiwa mkondo wa masomo mepesi, au walimu wake wataanza kumwona kama mtu wa kushindwa, hesabu inabadilika kabisa. Tangu utafiti wa Robert Rosenthal na Lenore Jacobson wa mwaka 1968 wataalamu wamebishana juu ya kiasi ambacho matarajio ya mwalimu huathiri matokeo ya mwanafunzi, na ingawa ukubwa wa athari hiyo una ubishi mwingi, sioni sababu ya kugawa lebo za hatari kana kwamba hazina uzito wowote.

Wapo wanaoamini kwamba udhaifu huu utakwisha tukikusanya data nyingi zaidi. Jaribio kubwa kuliko yote ninayoyajua katika eneo hili linanifanya nisiamini hivyo. Matthew Salganik na wenzake walitumia utafiti wa Marekani uliofuatilia maelfu ya familia za watoto waliozaliwa katika miji mikubwa karibu na mwaka 2000. Walitoa kwa watafiti taarifa za kuanzia kuzaliwa hadi umri wa miaka 9, karibu vigezo 13,000 kwa kila familia, wakawataka watabiri mambo sita katika umri wa miaka 15, likiwemo wastani wa alama za shuleni. Timu 160 zilishiriki, nyingi zikiwa na mbinu za kisasa kabisa za ujifunzaji wa mashine, yaani kuiacha kompyuta igundue yenyewe mifumo iliyomo katika data. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: kwa wastani wa alama, timu bora kabisa iliweza kueleza takriban moja ya tano tu ya tofauti zilizopo kati ya mtoto na mtoto, na kwa baadhi ya mambo mengine hali ilikuwa mbaya zaidi ya hapo. Modeli sahili yenye vigezo vinne tu, vilivyochaguliwa na mtu anayeifahamu fani, ilikaribia sana kuzifikia zile zenye maelfu. Jambo jingine lililojitokeza ni kwamba timu zote zilikosea kwa watoto walewale. Baadaye kikundi cha watafiti kilirudi kwa familia 40 kufanya mahojiano ya kina, ili kuelewa ni nini katika maisha yao ambacho dodoso halikukiona.

Upande wa tabia za darasani, pengo hilo linaonekana kwa karibu zaidi. Mifumo ya kujifunzia kwenye kompyuta hurekodi kila mbofyo, na ni rahisi kudhani kwamba mwanafunzi mwenye mibofyo mingi ndiye anayejituma. Ryan Baker na wenzake walilichunguza hilo mwaka 2004 kwa kukaa madarasani na kuangalia wanafunzi wanafanya nini hasa. Waliona kundi linalobofya kitufe cha dokezo mfululizo hadi jibu lijitokeze lenyewe, au linalojaza majibu moja baada ya jingine mpaka mojawapo likubaliwe. Wanafunzi hao walijifunza kidogo kuliko wenzao, na tabia hiyo ilihusiana na kushindwa kujifunza zaidi kuliko hata kupiga soga au kukaa bila kufanya kitu. Anayehesabu mibofyo pekee angewapa alama ya bidii.

Kosa linalonikera zaidi, hata hivyo, ni la kuchanganya uhusiano na kisababishi. Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kilitengeneza mfumo unaowaonyesha wanafunzi taa ya kijani, njano au nyekundu kwa kila kozi, kulingana na hatari yao ya kufeli, na kikatangaza kwamba waliochukua kozi mbili au zaidi zenye mfumo huo walibaki chuoni kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao. Habari hiyo ilisambaa sana. Mwaka 2013 Michael Caulfield na Alfred Essa waligundua ufa: anayekaa chuoni muda mrefu hupata nafasi ya kuchukua kozi nyingi zaidi za aina yoyote, kwa hiyo kubaki ndiko kulikozalisha idadi ya kozi, si kinyume chake. Kozi hizo zingegeuzwa kuwa za kugawa peremende, takwimu zingetoa sura ileile.

Jimbo la Wisconsin linatoa somo gumu zaidi, kwa sababu huko utabiri wenyewe ulikuwa mzuri. Kufikia mwaka 2023 jimbo hilo lilikuwa limetumia kwa takriban miaka kumi mfumo wa kuzionya shule kuhusu wanafunzi walio katika hatari ya kutohitimu. Juan Perdomo na wenzake walipoutathmini mwaka huo waliona kwamba unawapanga wanafunzi vizuri kwa kiwango cha hatari, lakini hawakupata ushahidi wa kuaminika kwamba kuwekewa alama ya hatari kulimwongezea mwanafunzi nafasi ya kuhitimu. Waliona pia kwamba hatari imerundikana katika shule fulani kiasi kwamba kujua mwanafunzi anasoma shule gani na katika mazingira gani kunatosha kuelekeza msaada karibu sawasawa na kuwa na taarifa zake binafsi. Pesa za kuzisaidia shule hizo moja kwa moja zingeweza kutolewa bila kumpa mtoto yeyote alama ya hatari.

Sisemi kwamba utabiri hauna kazi. Katika shule za Chicago, Elaine Allensworth na John Easton walionyesha mwaka 2005 kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu aliyepata krediti (pointi za kozi alizofaulu) zinazotosha kupanda darasa, na asiyefeli zaidi ya muhula mmoja wa somo la msingi, alikuwa na uwezekano mara 3.5 zaidi wa kuhitimu kwa wakati kuliko asiyetimiza masharti hayo. Kipimo hicho hakihitaji mashine. Naona nguvu yake iko kwingine: mwalimu anakielewa, anakiona kikibadilika ndani ya mwaka huohuo, na kinamwelekeza kwenye mambo anayoweza kuyashughulikia, yaani mahudhurio na kazi zisizokabidhiwa, badala ya elimu ya mama wa mtoto ambayo hakuna shule inayoweza kuibadilisha.

Ndiyo maana, taasisi inaponiomba ushauri juu ya mfumo wa aina hii, naacha suala la usahihi na kuuliza msaada utakuwa upi na utapimwaje. Aliye katika hatari kubwa kabisa si lazima awe ndiye atakayenufaika zaidi na msaada uliopo; mara nyingine anayeyumba katikati ndiye anayevutika kwa simu moja, ilhali yule wa kwanza anahitaji kitu ambacho taasisi haijakiandaa. Njia ya kulijua hilo ipo, na haina gharama kubwa. Kila mfumo wa onyo una mstari wa kukata, yaani kiwango cha hatari ambacho anayekipita huonywa, na wanafunzi walio juu kidogo ya mstari huo hawana tofauti ya maana na walio chini yake kidogo, isipokuwa kwamba kundi moja limeonywa na jingine halikuonywa. Kuyalinganisha makundi hayo mawili baada ya mwaka kunaonyesha kama onyo lilileta chochote, na takwimu za kufanyia ulinganisho huo huwa tayari zimo kwenye mfumo wenyewe.