Hatua za ukuaji wa kimaadili si cheo cha wema

"Yule bado yuko hatua ya kwanza." Maneno hayo husemwa kumhusu mtu aliyeiba, aliyesaliti au aliyekosa huruma, na msemaji huwa na maana moja tu: yule ni mtu mbaya. Wengine hujiweka wenyewe katika hatua ya sita kwa sababu wanajiona waadilifu. Nimeyasikia mara nyingi mno, na yananisikitisha, maana dhana yenye manufaa imegeuzwa fimbo ya kuwachapia watu.

Ukuaji wa kimaadili, kwa maana ya wanasaikolojia, ni namna fikra za mtu kuhusu haki na kosa zinavyobadilika kadiri anavyopevuka. Jean Piaget aliandika juu yake mwaka 1932 kwa kuchunguza watoto. Lawrence Kohlberg, Mmarekani, akaiendeleza kazi hiyo katika tasnifu yake ya mwaka 1958 na hatimaye akapata hatua sita. Mtu huanza kwa kuogopa adhabu, kisha hutazama faida yake. Baadaye hutafuta kukubalika na watu wake, kisha hushika sheria ili jamii isivurugike. Wachache huja kuiona sheria kuwa mapatano yanayoweza kurekebishwa, na mwisho kabisa hutanguliza kanuni za haki zinazomhusu kila binadamu.

Sasa tazama jinsi Kohlberg alivyozipata. Aliwasimulia wavulana kisa cha Heinz, ambaye mkewe anakufa kwa saratani. Mfamasia anayo dawa, lakini bei yake ni mara kumi ya gharama ya kuitengeneza. Heinz amekopa kila mahali akapata nusu tu ya bei, na mfamasia amekataa kumpunguzia au kungoja. Heinz anavunja duka na kuichukua. Je, alifanya sawa?

"Ndiyo" au "hapana" peke yake haikumpa mtu hatua yoyote. Kilichopimwa ni jibu la swali lililofuata: kwa nini? Anayesema Heinz asiibe kwa kuwa atafungwa, na anayesema aibe kwa kuwa atalaumiwa vikali akimwacha mkewe afe, wanapingana kabisa, lakini wote wawili wanatazama adhabu. Na anayesema aibe kwa sababu uhai una haki iliyo juu ya mali anakubaliana na huyo wa pili kuhusu tendo, ilhali amefika hapo kwa hoja ya mbali sana. Hatua ni ya hoja. Tendo lenyewe, liwe jema au baya, halituambii hatua.

Wala hoja haimfungi mtu kuitenda. Mtu anaweza kueleza haki za binadamu kwa ufasaha wa hatua ya tano kisha akatoroka pale anapohitajika, na mwingine akabaki na mgonjwa usiku kucha huku akisema tu kwamba ndugu hawaachani. Kwa vipimo vya Kohlberg, jibu hilo la pili lingewekwa hatua ya tatu. Nani yuko tayari kumwita mtu huyo duni? Mwanasaikolojia Carol Gilligan aliligusa jambo hili mwaka 1982 alipolalamika kwamba kipimo kilichojengwa juu ya majibu ya wavulana kiliipa haki uzito na kuyashusha matunzo. Naona alikuwa na hoja nzito, hata kama tofauti kati ya wanaume na wanawake haikuonekana kubwa hivyo katika tafiti nyingi zilizofuata.

Kuhusu wanaojitangaza kuwa wa hatua ya sita, wajue kwamba Kohlberg na wenzake waliiondoa katika mwongozo wao wa kusahihisha majibu, kwa kuwa hawakuwapata watu wa kutosha wa kuithibitisha. Watu wazima wengi waliopimwa walikuwa katika ya tatu na ya nne.

Basi ukiona mtu amekosea, sema amekosea. Ukitaka kutaja hatua yake, muulize kwanza sababu, umsikilize hadi amalize, kisha useme "sababu aliyoitoa ni ya hatua ya pili", badala ya "yeye ni wa hatua ya pili".