Buibui hakukukojolea: maswali ya msimu wa mvua kuhusu Nairobi fly

Shikamoo daktari. Nimeamka na mstari mwekundu shingoni, unawaka kama nimemwagiwa uji wa moto. Bibi anasema nimekojolewa na buibui. Ni kweli?

Marahaba. Msalimie bibi, lakini buibui tumwondolee kesi hii. Mvua zikikolea, watu huja na alama kama yako usoni, shingoni au mkononi, na karibu kila mmoja ameshampata mtuhumiwa wake: buibui, mjusi, wengine hata popo. Mara nyingi mhusika ni mdudu mdogo tunayemwita Nairobi fly. Jina linapotosha, maana si nzi. Ni jamii ya mbawakawa, mwembamba, ana urefu wa punje ya mchele au zaidi kidogo. Kichwa cheusi, kifua chekundu cha machungwa, mgongoni ana kipande cha buluu au kijani kinachong'aa, kisha nyekundu tena, na ncha ya mkia nyeusi. Kwa haraka utadhani ni sisimizi aliyevaa sare.

Basi aliniuma nikiwa usingizini?

Hakukuuma. Akichokozwa huinua mkia kama nge, ndiyo maana watu humwogopa, lakini hana mwiba. Sumu yake, iitwayo pederini, imo ndani ya mwili wake na hutoka akipondwa. Ulimhisi akitembea shingoni ukampiga kofi, au ulimlalia tu bila kujua, kisha mkono ukaipaka sumu ile kama mtu anayepaka losheni. Ndiyo sababu alama huwa mstari, si duara kama ya mbu. Akipondwa kwenye mkunjo wa kiwiko, ukikunja mkono unapata alama mbili zinazotazamana, kama muhuri na nakala yake.

Wengi hubisha hapa: "Mbona usiku sikusikia chochote?" Pederini haichomi papo hapo. Huzuia chembe hai za ngozi kutengeneza protini na kugawanyika, na athari hiyo huchukua muda kuonekana. Muwasho na moto huanza baada ya saa 12 hadi 48, malengelenge hufuata, mengine yana majimaji ya njano yanayofanana na usaha. Baada ya wiki moja hadi tatu ngozi hubambuka na kupona. Doa jeusi linaweza kubaki kwa miezi, hasa likipigwa na jua.

Nikimwona anatembea juu yangu nifanye nini?

Mpulize. Ukishindwa, mwekee karatasi apande, kisha mtoe nje. Najua mkono hukimbilia kofi kabla akili haijafika, kwa hiyo wafundisheni watoto mapema, kama mnavyowafundisha kutoshika jiko la moto.

Ukiwa umeshamponda, usijiguse macho. Nenda ukaoshe mahali hapo na mikono kwa sabuni na maji mengi, hata kama huhisi kitu. Osha pia nguo au shuka iliyomgusa. Aliyekufa kitandani naye bado ana sumu, kwa hiyo usimfikiche kwa vidole.

Jirani ameniambia nipake dawa ya meno. Mwingine anasema mafuta ya taa.

Dawa ya meno iache kwa meno, na mafuta ya taa yaache kwenye kibatari. Ngozi hiyo tayari imeungua, ukiipaka vitu vya kuwasha unaongeza kidonda juu ya kidonda. Osha, weka kitambaa safi kilicholowekwa maji ya baridi, paka kalamini, losheni ya kutuliza mwasho, kama unayo. Usipasue malengelenge. Yakiwa mengi, daktari anaweza kukupa krimu ya kupunguza uvimbe na vidonge vya kupunguza mwasho. Krimu hizo kali usijinunulie tu, hasa kwa usoni.

Haiambukizi kama upele. Mkilala kitanda kimoja na wote mkaamka na alama, ni kwamba wadudu waliwatembelea wote.

Mtoto wangu amefumba jicho, limevimba na linatoa machozi.

Mama, hapo usisubiri kesho. Mwoshe jicho kwa maji safi yanayotiririka, kisha mpeleke kituo cha afya. Usitie maziwa ya mama, wala dawa ya matone iliyobaki ya mtu mwingine. Fika pia ukiona homa, wekundu unaoendelea kusambaa, au usaha wenye harufu.

Nitajuaje kama si mkanda wa jeshi?

Mkanda wa jeshi kwa kawaida hushika upande mmoja wa mwili, na maumivu hutangulia upele kwa siku kadhaa. Malengelenge yake huja kwa vishada. Ukishuku ni huo, wahi hospitali, maana dawa zake hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 72.

Wanatoka wapi? Na ninyunyizie dawa nyumba nzima?

Makao yao ni udongo wenye unyevu, majani yanayooza na mashamba, ambako hula vidukari na wadudu wengine waharibifu. Kwa mkulima ni kibarua wa bure. Mvua nyingi huwazidisha. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipopiga Kenya, walifurika majumbani.

Kinachowaita ndani ni taa, kwa hiyo dawa ya kunyunyiza haitakusaidia sana wakati balbu nyeupe inawaka karibu na dirisha lisilo na wavu. Funga madirisha kabla ya magharibi, zima taa usizozihitaji, ya nje weka ya njano. Lala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri, kitanda kikiwa mbali na taa. Kung'uta shuka na taulo kabla ya kutumia, na fyeka majani yaliyosongamana ukutani.

Na kumbikumbi je? Nao wanajaa sebuleni.

Hao hawana neno, wakaange. Ila wanaotega kwa taa na beseni la maji waangalie vizuri kabla ya kuzoa kwa mikono, kwa sababu taa ile ile humleta na yule mwenye sare, na yeye si wa kula.