Simu moja, spika moja: kufundisha muziki kwa sauti za wanafunzi wenyewe

Shule nyingi hudhani somo la muziki haliwezi kuanza bila kinanda. Simu janja moja na spika ya waya zinatosha kabisa, mradi simu itumike kuwarudishia wanafunzi sauti yao wenyewe. Mtoto anayeimba hajui kwamba anakimbiza mwendo, lakini akisikiliza rekodi anajigundua bila kuambiwa.

Weka simu kwenye hali ya ndege, isije ikalia katikati ya wimbo. Iweke juu ya kanga iliyokunjwa ili isipokee mtikisiko wa dawati, mita 1.5 hadi 2 kutoka kwa waimbaji, ngoma zikae nyuma yao. Kabla ya kurekodi, waimbe ile sehemu yenye kishindo kuliko zote na uangalie kipimo cha sauti: kilele kiishie kati ya -12 na -6 dB (desibeli). Kikigonga 0, vichwa vya mawimbi vinakatwa, sauti inakwaruza, na hakuna programu itakayorudisha kikamilifu kilichokatwa. Darasa lenye paa la bati na sakafu ya saruji lina mwangwi mwingi. Chini ya mti mara nyingi ni bora zaidi.

Usitumie ujumbe wa sauti wa WhatsApp kurekodi. Umetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, na kayamba na manyanga huweza kumezwa kana kwamba ni kelele. Tumia programu ya kurekodi ya simu yenyewe.

Ukiwa na kompyuta pia, Audacity, programu ya kuhariri sauti, ni ya bure na inatosha. Wimbo mgumu upunguze mwendo hadi asilimia 75, wanafunzi waushike, kisha upandishe kidogo kidogo. Chagua amri inayobadilisha mwendo peke yake. Ile ya kubadilisha kasi inashusha na kimo cha noti pia: ukipunguza kasi kwa nusu, wimbo unashuka oktavu nzima, yaani kila noti inashuka hadi ile ya jina lile lile iliyo chini yake, na darasa litaimba katika ufunguo usiowafaa. Ukishuka chini ya asilimia 50, sauti huanza kukatikakatika.

Kurekodi kwa tabaka, yaani kundi moja liimbe kiitikio juu ya ngoma zilizokwisha kurekodiwa, kunafundisha kusikilizana kuliko zoezi lolote la ubaoni. Hapa ndipo wanafunzi hulaumiwa bure. Vipokea sauti vya masikioni vya Bluetooth, ambavyo waimbaji husikilizia ngoma hizo, vinaweza kuchelewesha sauti kwa milisekunde 200 au zaidi. Kwa mwendo wa mapigo 80 kwa dakika, pigo moja lina milisekunde 750, hivyo ucheleweshaji huo unazidi robo ya pigo. Mwanafunzi ameimba sawasawa, rekodi inaonyesha amechelewa. Tumia waya. Hata kwa waya, fanya jaribio: mwanafunzi mmoja apige makofi akifuata mapigo ya programu, upime pengo kati ya mawimbi mawili, kisha uweke kiasi hicho kwenye mpangilio wa kufidia ucheleweshaji.

Kifaa kinachohitaji uangalifu kuliko vyote ni kipima sauti cha kulinganishia ala (tuner). Kwa gitaa hakina shida: kinaanza na noti A ya 440 Hz (mitetemo kwa sekunde) na kugawa oktavu katika sehemu 12 zilizo sawa, kila moja senti 100. Lakini muziki wa Wagogo wa Dodoma umejengwa juu ya harmoniki za asili, yaani sauti ambazo mitetemo yake ni mara 2, 3, 4 na kuendelea ya sauti ya msingi. Harmoniki ya saba iko takribani senti 31 chini ya noti iliyo karibu nayo kwenye kinanda. Kipima sauti kitasema mwimbaji ameshuka, na mwalimu asiyejua atamsahihisha mtu aliyepatia. Taarab nayo ni hivyo hivyo: katika maqam (ngazi ya noti ya Kiarabu) iitwayo Rast, noti ya tatu inakaa kati ya funguo mbili za kinanda, na mpigaji wa kanuni, ala ya nyuzi nyingi, huifikia kwa vichuma vidogo vya kugeuza vilivyo kando ya nyuzi.

Katika muziki wa aina hiyo, badilisha kipima sauti kionyeshe Hz badala ya majina ya noti. Wanafunzi wapige marimba ufito mmoja mmoja, waandike namba, kisha watafute uwiano. Wakipata 400, 500, 600 na 700 au karibu na hapo, wana 4:5:6:7 mbele yao, na mwalimu wa hisabati anaweza kuendelea nao.

Hifadhi rekodi asili katika muundo wa WAV: dakika moja ya sauti ya mkondo mmoja (mono) inachukua kama MB 5. Kwa kuwatumia wazazi, toa nakala ya MP3 ya kbps 128, ambayo ni karibu MB 1 kwa dakika. Uhariri ufanyike kwenye WAV kila mara, maana MP3 hupoteza ubora kila inapohifadhiwa upya.