Kabla ya leza, wembe na si nta

Malindi, hasa msimu wa harusi, utasikia wanawake wakiambiana: ukitaka leza ya kuondoa nywele ishike vizuri, ng'oa nywele kwanza kwa nta, au kwa sukari iliyopikwa na ndimu. Ni imani ya siku nyingi, na inaharibu kazi yenyewe.

Leza hufuata rangi nyeusi iliyo ndani ya unywele. Rangi hiyo hunyonya mwanga, mwanga hugeuka joto, na joto ndilo linalodhuru shina chini ya ngozi. Sasa nta imeshaung'oa unywele mzima. Mwanga utashika nini? Kwa hiyo acha nta, kibano na uzi kwa wiki 4 hadi 6 kabla ya kikao, na pia kati ya kikao na kikao. Wembe ruhusa, maana hukata juu tu. (Wala haufanyi nywele kuwa nene, hizo ni porojo.)

Ngozi nyeusi nayo ina rangi hiyohiyo na inaweza kuungua, basi ulizia mashine kabla ya bei: leza ya aina iitwayo Nd:YAG, yenye mawimbi ya mwanga ya nanomita 1064, ndiyo salama zaidi kwetu. Mvi hazina rangi, leza haiziwezi.