Kwa nini kijembe cha genge huwavuta watu wa Gangilonga?

Ukipandisha kuelekea Gangilonga, mtaa wa wenye nafasi hapa Iringa, utakuta genge la mboga lenye kibao cha rangi nyekundu: “Nyanya za supamaketi ni nzuri sana, zikidondoka zinadunda. Za mchuzi ziko hapa.” Magari hupunguza mwendo, vioo vinashuka, watu wanacheka na kununua. Inakuwaje anayesemwa ndiye anayetoa pesa?

Waliokulia kwenye kanga wanajua nusu ya jibu. Anayepita amejifunga kanga yenye kijembe hajamtaja mtu. Ni jiwe la gizani, atakayeguna ndiye limempata. Basi mwenye gari naye hujiambia kwamba anasemwa yule wa geti la pili, na akinunua fungu moja anakuwa amejitoa kwenye kundi la wanaosemwa.

Nusu nyingine waliieleza wataalamu wa lugha na mawasiliano, Dan Sperber na Deirdre Wilson, mwaka 1981: kejeli ni mwangwi. Msemaji hurudia maneno au mawazo ya mwingine huku akionyesha kwamba hakubaliani nayo. Ile “nzuri sana” ya kibaoni ni sauti ya mteja mwenyewe, inamrudia. (Na Gangilonga kwa Kihehe ni jiwe linaloongea!) Muuzaji anaacha maana bila kuimalizia, msomaji anaimalizia kichwani, na kitu ulichokigundua mwenyewe hakikutoki upesi.

Ila kijembe kiende juu. Mwenye geti hucheka kwa sababu hapungukiwi kitu. Maneno hayohayo ukimtupia dada wa kazi aliyetumwa nyanya ni matusi, na mimi genge la namna hiyo silikanyagi.

Tena lazima chini yake kuwe na ukweli. Tarehe 25 Novemba 2011, siku Wamarekani wanapofurika madukani kufuata punguzo la bei, kampuni ya nguo ya Patagonia ilitoa tangazo katika gazeti la New York Times: picha ya jaketi lake na maneno “Usinunue jaketi hili”. Chini likaeleza kwamba kulitengeneza kunahitaji lita 135 za maji, zinazotosha mahitaji ya watu 45 kwa siku. Bila hesabu hiyo, yangebaki maneno ya kuchokoza tu.

Pale gengeni ukweli uko kwenye kidole gumba. Jumamosi niliminya nyanya moja, ikabonyea taratibu, na nilipoipasua nyumbani ilikuwa nyekundu mpaka kwenye kikonyo.